Mstari wa Jumla Uliomezwa na Gundi

Mteja wangu mmoja alikuja dukani Jumatatu saa nne asubuhi, amebeba boksi tupu la rimu, ndani yake nakala tano za tasnifu yake. Nilizitambua kabla hajazitoa: jalada jeusi, herufi za dhahabu mgongoni. Mimi ndiye niliyezichapa Ijumaa, fundi wetu akazijalidi Jumamosi. Hakupandisha sauti. Alifungua ukurasa wa 62, akakizungusha kitabu ili jedwali lisomeke, akanisogezea.

"Dada, hebu nisomee mstari wa mwisho."

Nikajaribu. Nikakipanua kitabu kwa viganja viwili mpaka mgongo ukalia. Mstari wa mwisho wa lile jedwali, uliobeba jumla ya kata zote alizozungukia na dodoso lake, ulikuwa umezama kwenye mkunjo, chini ya gundi. Ukiingiza ukucha ungeweza kuona vichwa vya tarakimu, basi. Namba ya ukurasa nayo haikuonekana kabisa.

"Sura yangu ya nne nzima inasimama juu ya huo mstari," akasema.

Ni mwalimu wa sekondari. Aliisoma shahada yake ya uzamili kwa kukatakata likizo, na pale dukani tulikuwa tunamwita Mwalimu tangu alipoleta pendekezo la utafiti. Nilikuwa nimeshakaa miaka 11 kwenye steshenari hii ya Changanyikeni, Dar es Salaam, nikichapa tasnifu za watu msimu baada ya msimu, na sikuwa na la kumjibu isipokuwa pole. Kosa halikuwa lake. Alifuata mwongozo wa chuo chake neno kwa neno. Mimi ndiye niliyeshika karatasi, na aliyeshika karatasi ndiye alipaswa kuliona.

Nimeandika haya kwa ajili ya mwanafunzi anayeandaa tasnifu yake sasa hivi, na kwa ajili ya mwenzangu aliyekaa nyuma ya kaunta akisubiri fleshi ya mtu. Kuchanganya kurasa za wima na za mlalo kwenye faili moja, kisha kuzichapa pande mbili, ni kazi inayoonekana ndogo mpaka gundi ikauke.

Kiswahili chetu kimetofautisha jambo hili vizuri kuliko kompyuta. Karatasi ni kile unachokishika, ukurasa ni upande wake mmoja. Word haina habari na karatasi. Inajua kurasa tu, moja chini ya nyingine, kama nguo zilizoanikwa kwenye kamba. Ukichapa upande mmoja hakuna shida, kwa sababu kila ukurasa una karatasi yake na mgongo wa kitabu daima uko kushoto. Ukichapa pande mbili, ukurasa wa 61 na wa 62 wanalala kwenye karatasi moja wakipeana migongo. Mmoja ana gundi kushoto kwake, mwingine kulia kwake. Tangu hapo kila uamuzi wa pambizo (ile nafasi tupu ya ukingoni), wa kichwa cha jedwali na wa namba ya ukurasa unapaswa kujua ukurasa huo ni witiri (1, 3, 5) au shufwa (2, 4, 6).

Na sababu za kuchapa pande mbili ni za kweli, sizipingi. Karatasi ya A4 ni milimita 210 kwa 297, na kumi na sita zake zinatimiza mita moja ya mraba, kwa hiyo karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 5 hivi. Tasnifu ya Mwalimu ilikuwa na kurasa 148. Upande mmoja ni karatasi 148, gramu 740 kabla ya jalada. Pande mbili ni karatasi 74, gramu 370. Kwa nakala tano ni tofauti ya karatasi 740 na karatasi 370, yaani, kwa rimu ya karatasi 500, karibu rimu moja na nusu dhidi ya rimu isiyokwisha. Kwa mtu anayelipia mwenyewe kwa mshahara wa ualimu, hiyo ni nauli ya kurudi nyumbani. Chuo chake kilikuwa kimeruhusu pande mbili mwaka huohuo. Ila ukurasa wa mwongozo unaohusu pambizo ulibaki vilevile ulivyokuwa enzi za upande mmoja: kushoto sentimita 4, na kwa jedwali la mlalo, juu sentimita 4. Ruhusa ilibadilika, vipimo havikubadilika.

Tuanze na mkato wa sehemu, ule ambao Word huuita section break, maana hapo ndipo wanafunzi wengi wanapolilia.

Word haigeuzi ukurasa mmoja peke yake. Inageuza sehemu. Ukitaka jedwali moja lilale katikati ya maandishi yaliyosimama, lazima faili likatwe mara mbili: mkato kabla ya jedwali, mkato baada yake. Kuna njia ya haraka ya kuufikia huo mkato: chagua jedwali lote pamoja na kichwa chake cha habari, fungua mipangilio ya ukurasa, chagua mlalo, halafu kwenye kisanduku cha chini sema utumike kwa maandishi yaliyochaguliwa tu. Word yenyewe itaweka mikato yote miwili. Wengi hukiruka hicho kisanduku cha chini, wakashangaa tasnifu nzima imelala.

Sasa, jambo ambalo lingewaokoa watu usiku mwingi wa machozi: mkato wa sehemu hubeba sura ya kilichoutangulia, si ya kinachoufuata. Ni kama mhuri, unaopigwa chini ya barua kuthibitisha yaliyoandikwa juu yake. Ukiufuta mhuri huo, maandishi yaliyokuwa juu yake yanabaki bila mwenyewe, na yanachukuliwa na mhuri unaofuata chini. Ndiyo maana mtu akifuta mkato uliokaa juu ya jedwali, anaona sura nzima iliyotangulia inalala ghafla kama jedwali. Haikuharibika. Imekuwa sehemu moja na jedwali, na sasa inatii mhuri wa jedwali. Usiendelee kufuta. Rudisha hatua moja nyuma, washa alama zilizofichika kwa kitufe chenye ile alama ya aya inayofanana na P iliyogeuzwa, uione mikato yote kwa macho ilivyojipanga, kila mmoja umeandikwa aina yake. Mimi sipokei faili la tasnifu bila kuwasha alama hizo kwanza. Ni sawa na fundi cherehani anayegeuza nguo ndani nje kuona mishono.

Sehemu ya mwisho ya faili haina mkato unaoonekana. Mhuri wake umefichwa kwenye alama ya aya ya mwisho kabisa. Ukinakili faili zima ukalibandika ndani ya jingine, tazama aya hiyo ya mwisho imekwenda na nini.

Ukitaka kuuona mhuri wenyewe, faili la docx, yaani faili la Word, ni zipu: furushi la mafaili yaliyobanwa pamoja. Ukilifungua utumbo utakuta maandishi ya kawaida ya msimbo, na kwa kila sehemu kipande kinachoitwa sectPr. Ndani yake ukubwa wa karatasi umeandikwa kwa kipimo cha sehemu moja ya ishirini ya pointi: A4 ya wima ni upana 11906, urefu 16838. A4 ya mlalo ni zilezile namba zimebadilishana nafasi, pamoja na neno moja linalosema ukurasa umelala. Nilipoliona hilo kwa mara ya kwanza ndipo nilipoelewa kilichompata Mwalimu. Hakuna mahali popote ndani ya faili palipoandikwa kichwa cha jedwali kielekee mgongoni au kielekee nje. Word haijui. Inachora ukurasa mpana, basi. Anayeamua kuuzungusha uingie kwenye karatasi, na kuuzungushia upande gani, ni draiva ya printa, ile programu inayoiongoza. Printa nyingi za leza huuzungusha nyuzi 90, na zipo zinazouzungusha nyuzi 270, yaani upande wa pili. Faili moja, maduka mawili, majedwali yanaweza kutoka yamepeana visogo.

Wachapaji wa vitabu walishalimaliza jambo hili kwa desturi. Jedwali la mlalo huwekwa hivi: msomaji akizungushe kitabu robo mzunguko kufuata mshale wa saa, asome. Maana yake kichwa cha jedwali kinakaa upande wa kushoto wa ukurasa uliosimama. Iwe ukurasa wa kulia, iwe wa kushoto, mzunguko ni uleule, ili msomaji asikizungushe kitabu kama usukani wa daladala kila akifungua.

Chukua kitabu chochote kilicho karibu nawe, kifungue katikati, kizungushe hivyo. Ukurasa wa kushoto sasa uko juu, wa kulia uko chini, na mgongo umepita katikati kama mshipi. Jedwali lililoanza ukurasa wa 62 likaendelea wa 63 linateremka moja kwa moja, linavuka mgongo, linaendelea. Desturi ina akili. Ila angalia mgongo umekaa wapi. Kwa ukurasa wa 63, mgongo uko juu, kwenye kichwa cha jedwali. Kwa ukurasa wa 62, mgongo uko chini, pale unapokaa mstari wa jumla, maelezo madogo ya chini ya jedwali, na namba ya ukurasa.

Kwa hiyo ukurasa wa mlalo ulio witiri unahitaji nafasi ya gundi juu, na ulio shufwa unaihitaji chini. Mwongozo wa Mwalimu ulisema juu sentimita 4, naye akaweka juu sentimita 4 kwenye majedwali yote, chini akaacha 2. Fundi hutoboa kama sentimita moja kutoka ukingoni, hushona, hupaka gundi, kisha mkunjo wa karatasi wenyewe hula kiasi kingine. Alikuwa na majedwali 9 ya mlalo. Manne yaliangukia kurasa za witiri, yakatoka safi kabisa. Matano yaliangukia shufwa. Mimi nilipokagua Ijumaa usiku nilifungua la kwanza, ukurasa wa 47, nikaridhika.

Utaniuliza, je, Word si ina pambizo zinazoakisiana, ndani na nje? Inazo, na kwa kurasa za wima zitumie, ndiyo kazi yake: sentimita 4 zitakaa daima upande wa mgongo bila wewe kuhesabu. Lakini kuakisiana huko ni kwa kushoto na kulia kwa ukurasa kama Word inavyouona. Ukurasa ukilala, kushoto na kulia kwake ndizo zinazokuwa juu na chini kwenye kitabu, na mgongo uko kwingine kabisa. Juu na chini haziakisiani. Ile nafasi ya ziada ya kujalidi unaweza kuiambia ikae juu, lakini si wakati umewasha pambizo za kuakisiana. Nimezunguka kote huko, mlango haupo.

Watu wana njia tatu au nne. Wapo wanaolitengea kila jedwali la mlalo sehemu yake na kupanga pambizo moja moja, juu kwa witiri, chini kwa shufwa. Inapendeza siku ya kwanza. Kesho yake msimamizi anasema ongeza aya mbili sura ya pili, kila kitu kinasogea ukurasa mmoja, witiri wote wamekuwa shufwa. Wapo wanaogeuza jedwali liwe picha, wakaizungusha picha ndani ya ukurasa wa wima. Hapo hakuna mkato wala sehemu, kijajuu (maandishi yanayojirudia juu ya kila ukurasa) na namba vinakaa mahali pake, na pambizo za kuakisiana zinafanya kazi. Ubaya wake ni kwamba msimamizi akitaka kusahihisha tarakimu moja hawezi, na atakayesoma nakala ya PDF hataweza kutafuta neno ndani ya jedwali. Wapo wanaoweka kila jedwali ukurasa wa witiri na kuacha nyuma yake patupu.

Mimi nimeshafanya uamuzi wangu, na sasa ndio utaratibu wa duka: ukurasa wa mlalo hupewa sentimita 4 juu na sentimita 4 chini. Zote mbili. Karatasi ina sentimita 21, ukitoa 8 zinabaki 13, na sentimita 13 zinaingiza karibu mistari 30 ya herufi za pointi 10 zisizo na nafasi kati yake. Jedwali lisiloenea hapo livunjwe liende ukurasa wa pili, na mstari wa vichwa vya safu ujirudie wenyewe juu. Linapoteza uzuri kidogo. Lakini aya zisogee zitakavyosogea, ukurasa uwe witiri au shufwa, hakuna tarakimu itakayozama. Kwa mtu ambaye bado anasahihishwa mpaka siku ya kukabidhi, usalama huo una thamani kuliko nafasi.

Namba ya ukurasa ina kisa chake. Kwenye ukurasa wa mlalo, kijachini cha Word kinakaa chini ya jedwali, maana yake kwenye kitabu namba inatokea ubavuni, imelala. Vyuo vingine vinakubali, vingine vinataka namba ikae mahali pake kama kurasa nyingine. Dawa ipo: ondoa muungano wa kijajuu na kijachini na sehemu iliyotangulia. Fanya hivyo mara mbili, kwenye sehemu ya jedwali na kwenye sehemu inayofuata jedwali, kabla hujagusa chochote, la sivyo unachokifanya kwenye jedwali kitatiririka mpaka mwisho wa tasnifu. Kisha ndani ya kijachini cha jedwali weka kisanduku cha maandishi, kipeleke pambizo la kushoto katikati, weka namba ndani yake, uigeuze isomeke kutoka juu kwenda chini. Kitabu kikisimama, kushoto kwa jedwali ndiko chini ya ukurasa, na namba itakuwa imesimama wima pale inapostahili. Usiniamini kwa maneno. Chora kwenye karatasi.

Kuhusu kuchagua ubavu wa kugeuzia. Printa inauliza: karatasi igeuzwe kwa ubavu mrefu au ubavu mfupi? Kijana tuliyekuwa naye dukani, mchapakazi sana, aliona faili lina majedwali yaliyolala akachagua ubavu mfupi. Ilikuwa kazi ya mteja mwingine, kurasa zaidi ya mia. Kila karatasi mbele ilisimama sawa, nyuma imesimama kwa kichwa. Tulikaa tukazipanga tukiwa kimya. Mantiki yake haikuwa ya kijinga: hati iliyolala mwanzo mpaka mwisho, inayobanwa upande wa kushoto, kama vile mada za semina, kweli hugeuzwa kwa ubavu mfupi. Lakini kitabu kinaamuliwa na mgongo. Mgongo wa tasnifu uko kwenye ubavu mrefu wa karatasi, na karatasi hiyo haibadiliki kwa sababu ndani yake kuna jedwali lililolala. Kitabu cha wima chenye majedwali ya mlalo ni ubavu mrefu tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho.

Halafu kuna ukurasa mtupu usioonekana, ambao umewagombanisha wachapaji na wateja wengi. Mwanafunzi anataka kila sura ianzie ukurasa wa kulia. Anatumia ule mkato unaoiambia sehemu mpya ianze kwenye ukurasa wa witiri. Sura ya pili ikiishia ukurasa wa 39, sura ya tatu haiwezi kuanza 40, inaruka 41. Ule wa 40 haupo kwenye skrini. Unashuka kutoka 39, unaiona 41, unadhani namba zimekosewa. Kwenye printa upo, unatoka mweupe bila hata namba. Mteja anauona anasema, "Dada, umeniharibia kazi, mbona karatasi haina kitu nyuma?" Sikuharibu kitu. Ndicho alichokiomba. Wanaotumia LibreOffice, programu nyingine ya kuandikia, wana mpangilio wa wazi wa kuchapa au kutochapa kurasa hizo tupu, na huko mlalo na wima vinatunzwa kama mitindo ya ukurasa, si kwa mhuri wa sehemu kama nilivyoeleza.

Namba za Kirumi za kurasa za mwanzo zinaongeza fundo juu ya fundo. Shukrani, yaliyomo, orodha ya majedwali, zinakwenda i, ii, iii mpaka tuseme xi, kisha utangulizi unaanza 1. Sasa faili lina ukurasa wa kwanza wa namba mbili: i na 1. Ukimwambia Word akuchapie ukurasa wa 1 tu, hujui atakupa upi. Kuna lugha yake: andika p1s2, yaani ukurasa wa 1 wa sehemu ya 2. Wenye printa ndogo zisizogeuza zenyewe, wanaochapa witiri kwanza kisha wakazirudisha karatasi kwenye trei kwa ajili ya shufwa, hapa ndipo wanapopotelea. xi ni witiri, 1 ni witiri, na bila ukurasa mtupu kati yake zote mbili haziwezi kuwa mbele.

Kwa hiyo sichapi tena tasnifu kutoka Word. Nalibadilisha faili kuwa PDF, nalifungua, nahesabu kurasa kama zilivyo kwa mpangilio: ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila kujali imeandikwa nini chini yake. Kurasa tupu zinaonekana. Kila ya witiri kwa hesabu hiyo ni mbele ya karatasi, kila ya shufwa ni nyuma. Namwita mwenye kazi akae pembeni yangu aone. Hapo pia ndipo ninapokamata karatasi za Marekani. Mtu amechukua kiolezo mtandaoni, sehemu mbili kati ya kumi zina ukubwa wa Letter, milimita 216 kwa 279, na kwa macho huwezi kuitofautisha na A4. Printa inaitofautisha. Inasimama katikati ya nakala ya tatu, inawasha taa, inasubiri karatasi ambayo hapa dukani hatuna.

Kuna mwalimu wa madrasa huletea kazi ya kudurufu kila kabla ya Ramadhani, kijitabu cha dua kwa Kiarabu. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba karatasi yenyewe haina upendeleo. Kitabu chake kinafunguliwa kutoka kulia, mgongo uko kulia, ukurasa wa kwanza unakaa mkono wa kushoto wa msomaji. Ubavu wa kugeuzia ni uleule mrefu. Kinachohama ni pambizo la gundi tu. Siku moja aliniletea mswada wa babu yake ulioandikwa kwa mkono, akanionyesha chini ya ukurasa, pembeni, neno moja limeandikwa peke yake. Lilikuwa neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Waandishi wa miswada ya Kiarabu waliliweka ili karatasi zikitawanyika anayezijalidi ajue ipi inafuata ipi. Nililitazama sana neno lile. Mtu aliyekuwa na kalamu ya mwanzi na wino alikuwa anamfikiria mjalidi.

Hewa ya Dar es Salaam nayo ina sauti katika kazi hii. Karatasi iliyofunguliwa kwenye rimu na kuachwa wazi hunywa unyevu, na ikipita kwenye joto la printa mara moja inajikunja. Ikirudi ndani kwa ajili ya upande wa pili tayari ina tumbo, inakwama. Siku za mvua nafungua rimu pale tu trei inapokwisha.

Mwalimu hakuondoka Jumatatu ile. Nakala zilizojalidiwa hazifunguliki ukabadilisha karatasi tano, ni kuanza upya. Alikaa kwenye benchi, akatoa madaftari ya wanafunzi wake, akaanza kusahihisha. Nikampangia majedwali upya, juu 4, chini 4, herufi kutoka pointi 11 kwenda 10, moja likavunjika likawa kurasa mbili. Nikatoa PDF. Kabla ya kuchapa nakala hata moja, nilichapa karatasi tatu tu: kutoka ukurasa wa 59 mpaka wa 64, pande mbili. Nikazilinganisha, nikazibana upande wa mgongo kwa vibanio vya chuma, nikaviingiza ndani sentimita moja na nusu, ili kibanio kile kishike pale gundi itakaposhika. Ndivyo ninavyofanya mpaka leo kwa kila tasnifu yenye ukurasa uliolala. Kinachofichwa na kibanio kitafichwa na gundi.

Nikampa. Akaweka kalamu nyekundu chini, akafungua 62, akazungusha robo mzunguko kufuata saa, akaisoma jumla kwa sauti, tarakimu moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho. Kisha akafungua 63 bila kuzungusha chochote, akaendelea kusoma.

"Chapa, dada," akasema, akalivuta daftari lililofuata.